Sauti Zilizorudi Bila Majina

Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa ili nilee wadogo zangu, na tangu hapo sikukaa tena kwenye dawati. Kusoma najua. Kuandika najua pia, ila mkono wangu unachelewa nyuma ya mawazo, ndiyo maana daftari hili limenichukua muda. Lakini jina la mtu sijawahi kulipoteza. Mtu niliyesalimiana naye mara moja kwenye njia ya kuteremka Muze, nikiwa msichana mwenye kikapu cha ulezi kichwani, jina lake ninalo mpaka leo, na la baba yake ninalo. Humu sitayaandika. Wengi ninaowaeleza wako hai na sijawaomba ruhusa, na waliokufa wana watoto wao.

Ninachotaka kuandika ni habari za fundi mmoja wa kompyuta pale Sumbawanga mjini, na kazi niliyomwona akiifanya kwa siku tano. Mafundi nimewaona wengi. Nimeona mkunga akimgeuza mtoto tumboni kwa viganja vitupu, mama akiwa anazungumza na wenzake kama vile hakuna kinachofanyika. Nimeona mzee akijenga ukuta wa tofali kwa jicho lake tu, bila uzi, na ukuta upo hadi sasa. Huyu fundi wa kompyuta namweka pamoja na hao.

Jambo lenyewe lilianzia jikoni kwangu, na mwenye kosa ni mimi.

Binti yangu wa tatu ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana watoto wakubwa, ana mvi anazozificha kwenye kilemba, na bado aliamua kurudi chuo, awe anafundisha huku anasoma. Mwaka wa mwisho wakamtaka afanye utafiti. Akachagua ntumba. Ntumba ni yale matuta yetu ya mviringo: unalima nyasi, unazifukia chini ya udongo, zinaoza humo ndani, juu unapanda maharage, na msimu unaofuata unayatawanya upande mahindi au ulezi. Nilishangaa kwamba jambo hilo linaandikwa chuo. Kwangu mimi ni kama mtu kuandika namna ya kufagia uwanja. Yeye akasema wanaolijua vizuri wanaisha, na vijana wanaweka mbolea ya dukani tu, ikikosekana wanakaa. Akaamua kuwarekodi wanawake wazee kumi na mmoja, kuanzia vijiji vya huku kwetu mpaka barabara ya kwenda Matai.

Nilikwenda naye kwa wote kumi na mmoja. Mzee hakufungulii moyo ukimwendea peke yako na simu mkononi. Na wengi wao Kiswahili wanacho cha sokoni na kanisani, ila shamba wanalieleza kwa Kifipa.

Alikuwa anarekodi kwa simu. Simu ikijaa, anahamishia kwenye kompyuta yake, ile ndogo ya kukunja, halafu anafuta kwenye simu ili apate nafasi. Alifanya hivyo kwa miezi. Mwisho wake sauti zote zilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta ile, na mmoja wa wale wazee alikuwa ameshafariki, baada tu ya Pasaka. Huyo alikuwa mwenzangu wa utotoni. Tulichunga pamoja, tukapata kipaimara siku moja.

Chuoni walitaka maandishi pamoja na sauti zenyewe, kwa sababu kabla yake kuna mwanafunzi aliyejitungia wazee ambao hawakuwepo duniani. Tarehe ya kupeleka ilikuwa imeshasogezwa mara mbili, mara ya kwanza mtoto wake aliumwa, mara ya pili alikuwa anasimamia mitihani. Sasa akaambiwa haisogezwi tena. Asipopeleka, masomo yake yanaishia hapo, na ruhusa aliyopewa kazini nayo ilikuwa inaisha. Hakuwa na mwaka mwingine wa kujaribu.

Basi mwezi wa sita, shule zilipofungwa, akaja kwangu kumalizia kuandika. Mwezi wa sita huku juu si wa mchezo. Upepo unapita uwandani bila kizuizi, asubuhi unakuta maji ya kwenye ndoo yanauma vidole. Siku ile alikaa sebuleni amejifunika blanketi, akawa analalamika kwamba betri haipendi baridi hii, inaisha kabla ya wakati. Mchana akaitwa msibani kwa jirani, kwenda kusali na wanajumuiya wenzake. Akaniambia, "Mama, usiizime. Nimeiacha inapanga mafaili, inatoa huku inapeleka huku."

Sikuizima. Nilichofanya ni kuionea huruma.

Niwaeleze wasiojua jiko la kwetu. Juu ya mafiga tunaweka uchaga wa miti, na moshi na joto vinapita hapo mchana kutwa. Kila kitu ambacho hutaki kiingiwe na baridi au unyevu au wadudu kinakaa hapo: mbegu za mahindi, mbegu za ulezi kwenye kibuyu, chumvi. Cheti changu cha ndoa kilikaa pale kwenye mkebe miaka yote, na hakijaoza. Nikachomoa waya ukutani, nikaifunga kompyuta ndani ya kitenge, nikaipandisha juu ya uchaga, karibu na mbegu. Chini nilikuwa nimebandika maharage, na maharage unajua yanavyotaka moto.

Nilipokwenda kuiangalia ilikuwa ya moto kama sufuria, na ndani yake palikuwa na sauti, ka, ka, ka, halafu ikanyamaza. Nikaishusha. Nikaifuta, nikairudisha mezani, nikachomeka waya kama nilivyoukuta. Binti yangu aliporudi aliiwasha, ikawaka nusu. Akaizima, akaiwasha. Jioni yote aliizima na kuiwasha, mpaka ikaleta maneno kwamba ile sehemu anayowekea vitu vyake haisomeki, je, anataka kuifomati? Nilimuuliza kufomati ni nini. Akasema ni kufuta yote. Kisha akaweka mikono kichwani, akaanza kuhesabu siku zilizobaki kwa sauti. Zilikuwa kumi na mbili.

Mimi nilikuwa nakoroga ugali. Nikaendelea kukoroga.

Kesho yake tukapanda bodaboda mbili kwenda mjini. Tulianzia kwenye stesheneri moja ambapo wanachapa barua na kupiga picha za paspoti. Kijana wa pale aliiangalia mara moja tu, akasema kazi ndogo hiyo, anaifomati, inakuwa kama imetoka dukani. Nikamuuliza, na vilivyomo? Akasema vilivyomo vitaondoka, bibi, lakini mashine itapona. Binti yangu alikuwa amechoka hivi kwamba nilimwona kabisa anataka kusema sawa. Nikaichukua mimi kompyuta pale mezani, nikaiweka chini ya khanga. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kutoa nakala akatuonea huruma, akatuelekeza kwa fundi aliye nyuma ya soko, mtu wa ziwani, akasema huyo hana haraka na ndiyo sababu watu wengine hawampendi.

Chumba chake kilikuwa kidogo, chenye dirisha moja na meza moja. Mwanamume wa makamo, mwembamba, kofia ya kushona kichwani, kwao ni upande wa Kasanga. Akasimama, akanipa shikamoo. Nikaitikia marahaba, na mimi kama tulivyolelewa nikaanza kumsalimia sawasawa: nyumbani hawajambo, wazazi wapo, watoto, ziwa linatoa samaki, mvua ya mwaka huu iliwaachaje. Akajibu yote, halafu akacheka.

"Bibi, nyie Wafipa mkianza kusalimia, mgonjwa anapona mwenyewe akiwasubiri."

Nikamwambia watu wa ziwani hawasalimiani kwa sababu midomo imejaa dagaa. Akacheka zaidi, akanivutia kiti. Kiti hicho ndicho nilichokalia siku tano.

Kitu cha kwanza alichonipendeza nacho ni kwamba hakuishika kompyuta. Aliuliza kwanza. Ilikuwa inafanya nini ilipozimika? Ilitoa sauti gani? Imewashwa mara ngapi tangu hapo? Binti yangu aliposema mara nyingi, akatikisa kichwa polepole, bila kumgombeza, akasema kuanzia sasa haiwashwi tena hata mara moja. Akatueleza kwa lugha ya kueleweka. Diski ya kompyuta, alisema, ni nyumba, na hii ya mwalimu iligawanywa vyumba viwili. Chumba cha kwanza kinakaa mitambo ya kompyuta yenyewe, cha pili kinakaa vitu vyake. Mlangoni kuna karatasi inayoonyesha ukuta uko wapi na nani amelala wapi. Kompyuta ilikuwa inahamisha watu vitanda ilipoanguka, na karatasi ikachanika.

"Kwa hiyo wamekufa?" binti yangu akauliza.

"Wengi wamelala palepale walipolala. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kufomati, maana yake haimwoni mtu humo, inataka kufagia ipokee wageni. Ukikubali, ndiyo unawaua wewe."

Kisha akaifungua. Alitoa skrubu moja moja akiziweka kwenye kifuniko cha chupa, akainua bamba la chini, akainama. Akachukua kibano, akatoa kitu kidogo, akakiweka juu ya karatasi nyeupe. Ilikuwa punje ya ulezi. Akatoa na nyingine. Na ule upepeo mdogo wa ndani ulikuwa mweusi kwa masizi.

Aliniangalia mimi. Binti yangu alikuwa mlangoni anazungumza na simu, ameipa meza mgongo. Fundi akakunja ile karatasi na punje zake, akaiweka mfukoni, akaendelea na kazi. Binti yangu alipotoka kwenda kutafuta vocha ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini kama ilikaa karibu na moto. Nikamwambia yote, uchaga na kitenge na maharage. Hakucheka. Akasema, "Kumwambia ni juu yako, bibi. Mimi nikiulizwa nitasema ilipata joto, na huo ni ukweli." Nimewahi kujua watu wenye elimu kubwa na vyeo wasioweza kutunza aibu ya mtu namna hiyo.

Jioni ile tukielekea kwa shemeji yangu tulikofikia, nikamwambia binti yangu.

"Nilijua, Mama. Ilikuwa inanuka jikoni."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kula. Na mimi nina kazi, siwezi kukubembeleza ule."

Hayo ndiyo tuliyozungumza, basi.

Siku ya pili na ya tatu zilikuwa za kunakili. Aliitoa diski, kitu cha ukubwa wa pakiti ya majani ya chai, akaiunganisha na mashine yake, na pembeni akaweka diski nyingine tupu. Nilidhani sasa ataanza kurekebisha. Akasema hapana, hii iliyoumia haiguswi, haiandikwi neno hata moja. Ananakili kila kilichomo, kizima na kilichovunjika, kama kilivyo, mpaka nafasi tupu, halafu matengenezo yote anayafanya kwenye nakala. Akikosea kwenye nakala anachukua nyingine. Akikosea kwenye yenyewe, hakuna pa kurudi.

Ilikuwa kazi ya kukaa kimya. Kwenye kioo kilikuwepo kimstari kinachosogea, na mara nyingine kilikuwa kinasimama. Kikisimama, ile diski inaanza tena ka, ka, ka. Fundi alikuwa anaisikiliza kwa kichwa kilichoinama, kama unavyomsikiliza mtoto mwenye kifua. Sauti ikizidi, anaizima. Anafungua dirisha baridi iingie, anaiacha ipumzike, anachemsha chai. Halafu anaanza tena, mahali pagumu anaparuka, anachukua kwanza palipo rahisi, na baadaye anarudi kwenye pagumu kidogo kidogo. Nilimuuliza kwa nini asipalazimishe. Akasema ukipalazimisha diski inaweza kufa ikiwa bado inashikilia vya watu wengine, kwa hiyo waokoe kwanza wanaotembea, ndipo urudi kwa waliolala.

Umeme ulikatika mara mbili na hakushtuka, alikuwa na betri kubwa chini ya meza. Wateja waliingia na simu zao za kioo kilichopasuka, aliwaambia waje baada ya siku tatu, na wengine waliondoka wamenuna. Wakati wa sala alijitenga nyuma ya kabati, akasali, akarudi. Katika mambo yote hayo sikumwona akigonga meza wala kuitukana mashine. Binti yangu alikuwa anazunguka, anatoka, anaingia, anauliza bado. Kila alipouliza alijibiwa vizuri kama vile ni mara ya kwanza. Mara moja tu fundi alimwambia, "Mwalimu, darasani kwako kuna mtoto anauliza hivi?" Akasema yupo. "Unamfanyaje?" Binti yangu akaenda kukaa nje juani.

Asubuhi ya siku ya nne nakala ilikuwa imekamilika, isipokuwa vijisehemu vichache ambavyo diski ilikataa kabisa kuvitoa. Akaanza kutafuta ukuta wa chumba cha pili. Alikuwa na programu inayopita diski yote ikitafuta alama, na aliipitisha, akaipitisha tena kwa namna nyingine, anaandika tarakimu kwenye daftari, anazilinganisha. Kabla ya mchana akaegemea nyuma, akasema ukuta ameupata.

Lakini ile orodha ya majina ilikuwa imeharibika. Vitu vilitoka chumbani, ndiyo, ila vilitoka uchi. Kila faili halina jina lake, lina tarakimu tu ndefu. Na sauti zilizokuwa ndefu zilitoka vipande vipande, zimechanganyika na nyimbo za kwaya, na ngoma za harusi, na vikao vya walimu. Mamia. Binti yangu alifungua cha kwanza: kwikwi ya mzee na jogoo. Cha pili: mtu anasema "hapana, siyo hivyo" kwa Kifipa, basi, kimeisha. Cha tatu ni sauti ya chungu kinafunikwa. Akafungua kama ishirini, akaanza kulia kimya kimya. Alisema atavipanga vipi, wazee kumi na mmoja, sauti zote za bibi, zote zinaongelea nyasi, na chuoni wanataka kila sauti na mwenyewe.

Nikamwambia fundi arudishe kile cha kwanza, cha jogoo.

Nikasema huyo ni mjane wa kule juu karibu na kigango, maana yeye ndiye mwenye kwikwi akianza kuzungumza. Nikamtaja jina. Fundi akaandika. Cha pili ni mke wa katekista wa zamani, yeye kila jambo anaanza kwa kukataa hata kama anakubali. Cha tatu, kile cha chungu, nikasema subiri, nipigie tena. Nyuma ya chungu kulikuwa na mashine ya kusaga inanguruma mbali. Mzee mwenye mashine jirani ni mmoja tu kati ya wote kumi na mmoja. Nikamtaja.

Tuliendelea hivyo mchana wote na kesho yake. Kilichotusaidia kuliko vyote ni salamu. Binti yangu alikuwa amekusudia kuzikata zote, alisema zinachukua dakika nyingi na chuoni hawana haja nazo. Lakini sisi hatuingii kwenye neno bila kupiga makofi taratibu na kuulizana nyumba nzima. Kwa hiyo kila palipokuwa na salamu palikuwa ndipo mwanzo wa mtu, na ndani ya salamu kulikuwa na kila kitu: mtoto gani anaumwa, nani kaenda Kasesya kutafuta kazi, ng'ombe wa nani kazaa. Fundi hakijui Kifipa, ila baada ya muda alikuwa anayatambua yale makofi, anainua kidole kabla sijasema.

"Bibi, nimefuta maneno yangu," akasema. "Salimieni tu."

Alikuwa na namna yake ya kupanga. Hakuniacha nikisie. Nikisita, anakiweka pembeni, anakirudisha baada ya saa nzima bila kuniambia kwamba nilishakisikia, aone kama nitasema jina lilelile. Nilipoligundua hilo nilitaka kukasirika. Baadaye niliona ni heshima, alikuwa anawapima wale wazee haki yao, asimpe mmoja maneno ya mwingine.

Wazee kumi walikamilika. Wengine wana matundu hapa na pale, lakini ni wao, mwanzo hadi mwisho. Wa kumi na moja alikuwa ni yule mwenzangu marehemu. Vijisehemu ambavyo diski ilikataa kuvitoa vilikuwa ni vyake, sehemu kubwa. Siku ya tano fundi aliirudia diski yenyewe, mara ya mwisho, akiwa ameifungia kwenye mfuko na kuilaza kwenye baridi ya dirishani asubuhi nzima. Akapata kipande kimoja tu cha ziada. Kinaanzia katikati ya neno. Mwenzangu anasema nyasi zisifukiwe zikiwa zimekauka, na jinsi ya kujua kwa kuzikunja kidoleni, anaanza kueleza juu ya kupanga matuta kwenye mteremko, anakatika. Dakika nne.

Nilikuwepo siku aliporekodiwa. Nilikaa naye mkeka mmoja. Maneno yaliyobaki ninayo yote, alivyosema, alipocheka, alipomtania binti yangu kwamba mikono yake ni ya chaki. Binti yangu akaniangalia, na mimi nilishajua anachotaka kabla hajasema. Akasema taratibu, "Mama, wewe si unayakumbuka? Tukurekodi, tuunganishe. Sauti zenu zilifanana hata ujanani, kila mtu alikuwa anasema."

Ni kweli zilifanana. Na siku zilizobaki zilikuwa saba. Nikamwangalia fundi, nikidhani atakaa kimya, maana hayakuwa ya kwake. Alikuwa anafunga skrubu. Akaziacha.

"Mwalimu, mimi hizi siku zote sijaongeza kitu humu. Palipokosekana pamekosekana, nimepaacha wazi," akasema. "Bibi aseme, ni vizuri aseme. Lakini aseme kwa jina lake."

Binti yangu akachukua daftari la fundi, chini ya jina la marehemu akaandika: dakika nne. Chini yake akaandika jina langu. Nikazungumza hapo hapo kwenye kile kiti. Nilisema mimi ni nani, nilikaa wapi siku ile, na nilisikia nini. Fundi alimwomba jirani azime redio, akafunga mlango, wateja wakasubiri nje.

Nakala alitupa mbili, kwenye flashi mbili, moja akanikabidhi mimi, akaniambia hii isikae jikoni. Hilo ndilo neno pekee la masizi alilolisema mbele ya binti yangu, na sote watatu tulicheka mpaka nikakaa tena.

Binti yangu alipeleka kazi yake siku mbili kabla ya tarehe. Baada ya wiki kadhaa akaitwa kuitetea mbele ya walimu. Siku ile nilishindwa kwenda shamba, nikakaa uwanjani na simu mapajani. Ikalia karibu na saa nane. Akaniambia wamempitisha. Walimuuliza mengi, ila walichokalia sana ni ule ukurasa wa dakika nne, kwa nini hakuuficha. Aliwaeleza habari yote, diski na vyumba na salamu, na mwalimu mmoja aliomba kusikilizishwa.

Nikamuuliza kama fundi ameshajua.

Akasema bado, amenipigia mimi kwanza.

Nikamwambia akate simu ampigie, halafu ndiyo anirudie.